SULTANI HASAN BIN SULAIMAN: BABA WA VIPAWA WA KILWA

Mwaka nenda mwaka rudi, kurasa hizi hutuletea maisha ya watu mashuhuri: Mekatilili wa Menza, Fumo Liyongo, Shaka Zulu na wengineo ambao hata mtoto wa darasa la nne anawajua. Mwaka huu nimeonelea nikuletee mtu ambaye jina lake halitajwi sana huku kwetu milimani, ingawa enzi zake alisifika kutoka Sofala mpaka Makka. Naye si mwingine ila ni Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa.

Huenda ukauliza, sisi watu wa Meru na Embu tunaokaa chini ya Mlima Kenya tuna nini na Sultani wa kisiwa kilicho kusini mwa Tanzania? Kwani hatuna mambo yetu ya kuandika? Swali hilo ni zuri, lakini haraka haraka haina baraka. Kwanza tumjue mtu mwenyewe, kisha tutamweka kwenye mizani.

KISIWA NA UPEPO WAKE

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kilicho karibu sana na bara. Ukisimama Kilwa Masoko unakiona, na unavuka kwa mashua tu. Watu walianza kukaa hapo kiasi cha miaka 1,200 iliyopita. Walikuwa wavuvi na wafua chuma, na nyumba zao zilikuwa za miti na udongo kama zile walizojenga babu zetu hapa.

Masimulizi ya kale ya Kilwa, yaliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yanasema kwamba mwanzilishi wa utawala wa kisiwa alikuwa Ali bin Hasan, mtu wa Shirazi katika nchi ya Uajemi. Eti alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote! Aliyekiuza akajuta, akataka kurudi na jeshi wakati maji yamekupwa. Lakini Ali alikwisha kuchimba mkondo ukawa na kina, na watu wa bara wakabaki ng'ambo wakitazama. Hiyo ni hadithi, nayo hadithi ina utamu wake. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyiwa mifupa ya watu wa kale wa pwani yetu, umeonyesha jambo linalokaribiana nayo: wengi wao mama zao wa jadi walikuwa Waafrika na baba zao wa jadi walitoka Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi Mswahili si mgeni aliyehamia, wala si mwenyeji asiyepokea wageni. Ni ndoa ya wawili hao.

Lakini utajiri wa Kilwa ulitoka wapi? Kwanza kabisa, ulitoka kwenye upepo. Kuanzia Disemba hadi Machi huvuma kaskazi, ambao husukuma vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi, ambao huvirudisha. Jahazi iliweza kufika Kilwa na kurejea kwao katika msimu mmoja. Kuteremka zaidi hadi Sofala, nchi ya Msumbiji ya leo, kulikuwa ni kujitia mashakani, kwa sababu upepo ungegeuka kabla nahodha hajamaliza biashara yake. Na huko Sofala ndiko dhahabu ilikotokea, ikiletwa na wapagazi kutoka nyanda za juu za Zimbabwe.

Hebu fikiria miraa ya Igembe. Anayeipanda yuko shambani, anayeitafuna yuko mbali, lakini lazima ipite Maua kwanza, na wa Maua hakosi chake. Ndivyo ilivyokuwa Kilwa. Haikuwa na mgodi hata mmoja, lakini dhahabu yote ilipita mlangoni pake, na kila iliyopita ilitozwa ushuru. Nguo za Bara Hindi, shanga za kioo, vyungu vya kijani kibichi kutoka Uchina, pembe za ndovu, vyote vilipakuliwa na kupakiwa hapo.

KIJANA MSAFIRI

Hasan bin Sulaiman alizaliwa katika ukoo wa Mahdali, ukoo wenye asili ya Yemen. Babu yake, Hasan bin Talut, ndiye aliyeuchukua utawala wa Kilwa kuelekea mwisho wa karne ya 13. Kwa hivyo kijana huyu alikulia katika jumba la watawala, lakini hakukaa tu akisubiri kurithi.

Akiwa angali barubaru, alifunga safari ya kwenda kuhiji Makka. Njiani alitua Aden akakaa miaka miwili akisoma, na masimulizi yanamsifu kwamba alibobea katika elimu nyingi. Ndugu msomaji, safari hiyo haikuwa mchezo. Hakukuwa na ndege wala simu ya kuuliza nyumbani kukoje. Ukiingia baharini umeingia, na kurudi kunategemea Mungu na upepo.

Alipokuwa huko, baba yake alifariki. Ndugu yake aliyeitwa Daudi akakalia kiti kwa niaba yake. Sasa hapa ndipo mimi hushangaa kila ninaposoma kisa hiki. Hasan aliporejea, Daudi aliondoka kitini akampa. Hapakuwa na vita, wala sumu, wala fitina. Ni ndugu wangapi leo wanaoweza kukabidhiana hata robo ekari ya kahawa bila kupelekana kwa chifu na kisha mahakamani? Mkumbuke sana Daudi huyu, maana tutamrudia.

Hasan akatawala kuanzia kiasi cha mwaka 1310 hadi mwaka 1333 hivi. Huo ndio wakati jua la Kilwa lilipokuwa utosini. Dunia nzima ilikuwa na njaa ya dhahabu. Huko Italia, mji wa Florence ulikuwa umeanza kutoa sarafu za dhahabu mwaka 1252, na miji mingine ya Ulaya ikafuata. Kila aliyekuwa na dhahabu alitafutwa, na bei ilipopanda Ulaya, ushuru ukajaa Kilwa. Wazee wetu wanakumbuka jinsi kahawa ilivyopanda bei mwaka 1976 na 1977, watu wakaezeka mabati, wakanunua baiskeli na redio, wengine wakanunua magari ambayo hawakujua kuyaendesha. Kilwa nayo ilipata wakati wake kama huo, ila yenyewe ilijenga kwa mawe.

MJENZI MKUBWA

Na mawe hayo si mawe ya milimani kama yetu. Ni matumbawe ya baharini. Yanapotolewa majini yakiwa mabichi huwa laini na fundi huyachonga atakavyo, kisha yakikauka huwa magumu. Mengine huchomwa yakawa chokaa ya kujengea. Dari ziliwekwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vya nyumba za pwani vilikuwa virefu lakini vyembamba. Mtu hakuweza kupanua chumba kuliko mti ulivyoruhusu.

Sultani Hasan hakukubali kuamriwa na mti. Mafundi wake walijenga kuba, na kwa kuba chumba kinaweza kupanuka. Aliupanua msikiti mkuu wa Kilwa mara nyingi zaidi ya ulivyokuwa, akausimamishia nguzo zilizochongwa kutoka jiwe moja moja la matumbawe, na pembeni akatia kuba kubwa isiyokuwa na mfano katika pwani yote kwa karne nyingi.

Isitoshe, akajenga Husuni Kubwa. Jumba hili liko nje ya mji, juu ya genge linalotazama bahari, ili kila nahodha anayekuja alione kabla hajaiona Kilwa yenyewe. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, baraza zenye ngazi za kukalia, ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vya bidhaa, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Bwawa la kuogea, tena juu ya genge kisiwani, ambako kila tone la maji ya kunywa lina thamani! Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji Kilwa katika miaka ya 1960, alilifukua jumba hilo, na katika vifusi vyake kukapatikana jiwe lenye maandishi ya kumtaja Sultani Hasan bin Sulaiman.

Fauka ya hayo, alitoa sarafu zake. Nyingi zilikuwa za shaba, na chache sana za dhahabu. Nanyi washairi wa chama hiki tegeni masikio: maandishi ya sarafu za Kilwa yalikuwa na vina! Neno la mwisho la upande mmoja lililingana na neno la mwisho la upande wa pili. Mchuuzi wa samaki alitembea na ubeti mfukoni. Moja ya sarafu za Sultani huyu ilipatikana Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini, kule dhahabu ilikotoka.

MGENI KUTOKA TANGIER

Mengi tunayojua juu ya tabia ya Sultani huyu tumeyapata kwa mgeni. Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri maarufu Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, akiwa na umri wa miaka 27 hivi. Alikuwa amepitia Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akashuka Kilwa. Aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kabisa duniani. Naye si mtu wa kusifu ovyo, maana alikuwa ameiona Kairo na Dameski.

Lakini zaidi ya mji, alimsifu mwenyewe. Anasimulia kwamba Sultani alikuwa mnyenyekevu, akiketi na mafakiri na kula nao, na akiwaheshimu watu wa dini na masharifu waliomjia kutoka Hijazi, Iraki na kwingineko. Anasimulia pia kisa kimoja ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Siku moja ya Ijumaa, Sultani alikuwa akitoka msikitini kwenda nyumbani kwake. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamzuia njiani, akamwomba nguo alizovaa. Si fedha, si chakula. Nguo zilizo mwilini! Sultani hakukasirika wala hakuwaita askari. Alikubali, na fakiri alipotaka apewe saa hiyo hiyo, Sultani akarudi akaingia nyumba ya khatibu iliyokuwa karibu na msikiti, akavua, akavaa nguo nyingine, akampa fakiri zile alizoomba. Watu wakastaajabu na kumshukuru. Kisha mwanawe mrithi akazikomboa zile nguo kwa yule fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani alipopata habari jinsi watu walivyosifu kitendo kile, akaagiza fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Muda si muda Sultani akafariki, na Daudi, yule yule ndugu aliyeondoka kitini bila ugomvi, akarudi kitini. Ibn Battuta anasema Daudi alikuwa kinyume kabisa cha nduguye. Mwombaji akija, alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha chochote cha kutolewa. Wageni wakakaa kwake miezi wakiambulia kidogo, mpaka wakaacha kubisha mlangoni pake.

NAMTETEA DAUDI

Kwa miaka 700 sasa, Daudi amebeba jina la bahili. Mimi, kama tungekuwa katika mjadala wetu wa Ijumaa pale ukumbini, ningesimama upande wake, hata kama ningezomewa.

Tazama mambo yalivyokuwa. Ile kuba kubwa ya msikiti haikudumu. Masimulizi ya Kilwa yanasema msikiti ulianguka katika enzi za Hasan mwenyewe, na haukujengwa upya mpaka karne ya 15. Husuni Kubwa nalo halikumalizika, na waliochimba waliona dalili kwamba watu walikaa humo muda mfupi tu. Baada ya Hasan, ujenzi mkubwa Kilwa ulilala kwa miongo mingi. Sasa wewe niambie, mtu aliyerithi msikiti ulioanguka, jumba lisilokwisha na foleni ya wageni wanaotaka pembe za ndovu, akisema hakuna kilichobaki, ni bahili au ni mkweli? Huenda Daudi alikuwa mtu wa kwanza Kilwa kufungua kasha la hazina akahesabu. Na mtu anayependa mali kuliko ndugu yake asingekiachia kiti siku ile kijana aliporudi kutoka Makka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Daudi alijaribu kugawa majembe, nao wageni wakamwandika vibaya. Na mwenye kalamu ndiye aliyebaki.

WALE WATU ISHIRINI

Hata hivyo, kuna jambo lililo zito zaidi ya hilo. Hesabu tena zawadi ya yule fakiri: watumwa kumi, kisha kumi wengine. Ishirini. Ibn Battuta anapita juu yao kwa sentensi moja, kama mtu anayehesabu mikungu ya ndizi. Lakini hao walikuwa watu. Kila mmoja alikuwa na jina alilopewa na mama yake. Walitoka wapi? Msafiri huyo huyo anatueleza, bila kuona ubaya wowote, kwamba Sultani alikuwa akienda mara kwa mara kuishambulia nchi ya Wazanji wa bara na kuteka nyara, na kwamba alitenga sehemu moja ya tano ya nyara hizo akawagawia masharifu. Basi vipawa vya baba wa vipawa vilitoka ng'ambo ya ule mkondo, kwa wale wale ambao babu zao, kwa mujibu wa hadithi, waliachwa ufuoni wakitazama maji yenye kina.

Sasa nafika kwenye swali tulilouliza mwanzo. Waembu humtaja Mwenendega, babu yao, na kichaka chake kiko karibu na Runyenjes mpaka leo. Kwao asili ni hapa hapa. Lakini Wameru husimulia kwamba walitoka baharini, mahali paitwapo Mbwaa, kisiwani, walikotawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuune, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana ili wapate kisa cha kuwaangamiza: waleteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, waleteni mbwa mwenye pembe, waleteni mkuki unaofika mbinguni. Mingine wakaifumbua kwa akili. Kiatu walikikata kutoka kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, na mbwa wakamfunga vipembe vya paa. Mkuki wa kufika mbinguni ulipowashinda, walitoroka wakiongozwa na Koomenjoe. Wakavuka maji, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine jua likiwa limechomoza, na ndiyo maana tuna koo nyeusi, nyekundu na nyeupe mpaka leo.

Sisemi kwamba Nguo Ntuune walikuwa watu wa Kilwa. La hasha! Wanaochunguza masimulizi hayo wameelekeza Mbwaa upande wa Lamu, kwenye kisiwa cha Manda, na safari yenyewe huwekwa kiasi cha miaka 300 iliyopita, karne nyingi baada ya Sultani Hasan. Ninachosema ni kwamba ustaarabu wa visiwa ulikuwa na pande mbili za kusimuliwa. Ukimwuliza mgeni aliyekula mezani, atakuambia habari za ukarimu. Ukimwuliza aliyekuwa ng'ambo ya maji, atakuambia habari za mkuki wa kufika mbinguni. Vitabu vya historia vimejaa ushahidi wa mgeni. Masimulizi ya Mbwaa, ambayo baadhi yetu tunayachukulia kuwa ngano za kupitishia usiku tu, ni ushahidi wa yule mwingine. Ndiyo maana naona ni hasara kubwa mzee anapoondoka nayo bila kuandikwa.

KUANGUKA KWA KILWA

Kilwa haikufa na Hasan. Katika karne ya 15 ilijikongoja ikasimama tena. Msikiti mkuu ukajengwa upya, na hizo ndizo kuba na matao ambayo mtu akienda leo anayaona. Lakini ugonjwa ulikuwa ndani. Mawaziri na maamiri walianza kuwaweka masultani na kuwaondoa kama watu wanaobadilisha mahindi ghalani. Ule moyo wa Daudi wa kuachia kiti ulikuwa umesahaulika. Wakati huo Mombasa na Malindi nazo zilikuwa zikikua na kumezea mate biashara ile ile.

Ndipo walipokuja Wareno. Mwaka 1500 alifika Pedro Álvares Cabral. Mwaka 1502 akaja Vasco da Gama na mizinga, akamlazimisha mtawala, Amiri Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilisafirishwa hadi Ureno, na mwaka 1506 ikafuliwa kuwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém. Kiko Lisbon kwenye makumbusho mpaka hivi leo, kinang'aa, na watu hulipa kukitazama. Kumbe Kilwa nayo ilifikiwa na siku ya kutoa bila kupenda!

Mwezi wa Julai mwaka 1505 kikaja kikosi cha Francisco de Almeida. Mji ukatekwa na kuporwa, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamtawaza mtu waliyemtaka wao, Muhamadi Ankoni, ambaye aliuawa mwaka uliofuata. Wakajenga ngome. Lakini pigo kubwa zaidi lilikuwa kule kusini. Mwaka huo huo wa 1505 Wareno walijenga ngome Sofala kwenyewe. Mji ulioishi kwa kukaa mlangoni ulishtukia kwamba mlango umehamishwa. Kufikia mwaka 1512 Wareno waliondoka Kilwa, maana hapakuwa na faida tena ya kuikalia.

Mwaka 1587 mashujaa wa Wazimba kutoka bara walikivamia kisiwa na kuua watu wengi. Safari hii mkondo haukusaidia. Na mwaka 1776 Sultani wa Kilwa wa wakati huo alitia sahihi mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Dhahabu ilikuwa imekwisha, pembe hazikutosha, na kilichobaki cha kuuza ni kile kilichoonekana kidogo katika enzi za Hasan: watu. Kutoka ishirini hadi elfu moja. Mazoea yana taabu.

Leo Kilwa Kisiwani ni kijiji cha wavuvi na wakulima walio na magofu majirani. UNESCO iliyaweka magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikayatangaza kuwa hatarini mwaka 2004 kwa sababu bahari ilikuwa ikiyala, na ikayaondoa katika orodha ya hatari mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi.

Basi, mwenzangu, mizani imesemaje? Mimi sitamnyima Sultani Hasan sifa yake. Mtawala anayeweza kuvua joho lake njiani akampa maskini hapatikani kila siku, wala siku hizi hatumwoni. Alisoma, alisafiri, alijenga, alitia vina kwenye shaba. Lakini nguo zile ndizo tu zilizokuwa zake kweli. Zile alizitoa mwenyewe, na zilimtosha kuwa karimu. Watu ishirini hawakuwa wake kuwatoa.

Kwa hivyo ukija kusikia mtu akisifiwa kwa kutoa, iwe ni kwenye harambee ya shule au kwenye uwanja wa siasa, mpigie makofi, si vibaya. Kisha uulize polepole, kwa adabu, kitu kile kilikuwa cha nani. Nawe uliye na nyanya au guka anayejua habari za Mbwaa au za Mwenendega, chukua kalamu na daftari likizo hii, uketi karibu naye. Wahariri wamesema wataacha kurasa wazi katika toleo lijalo. Wasalaam.